Kabla hujakodi vespa Unguja

Unguja si kisiwa kikubwa. Kutoka mjini hadi Nungwi ni kama kilomita 60, hadi Paje kama 50, na barabara kuu zina lami. Ndiyo maana kila anayeshuka kwenye boti kutoka Dar anajiona anaweza kukodi vespa, akabana begi katikati ya miguu na kukimaliza kisiwa kwa siku mbili. Anaweza kweli. Mimi nimefanya hivyo mara tatu, na moja kati ya hizo nilirudi nyumbani na deni. Kwa hiyo soma kwanza, hela utatoa baadaye.

Vespa, kwa lugha ya kule, ni pikipiki yoyote ya aina ile isiyo na gia, hata iwe imetengenezwa Japani au China.

Leseni. Si leseni yoyote tu. Daraja B unaloendeshea gari dogo halikuruhusu kupanda pikipiki, uwe wa Tanzania au wa Kenya. Inatakiwa daraja A. Mgeni kutoka nje huandikiwa kibali cha kuendesha Zanzibar, na mara nyingi mwenye vespa ndiye anayekushughulikia. Kiombe mapema, kisha ukisome: jina lako ni lenyewe? Tarehe zinafika hadi siku ya kurudisha? Trafiki wa kule wanasimamisha sana, na vespa ya kukodi wanaijua ingali mbali. Ukisimamishwa, zima, salimia, toa karatasi. Usianze kujieleza kabla hujaulizwa.

Pasipoti na kitambulisho usiviache kwa mtu kama dhamana. Acha hela, dai risiti.

Bima: uliza ni kubwa au ndogo. Ndogo inamlipa uliyemgonga. Vespa yenyewe na mguu wako ni juu yako.

Kagua breki zote mbili, matairi, taa, indiketa, honi. Chukua simu, izunguke vespa ukirekodi video, mwenye vespa akiwa amesimama hapo hapo, na kila mkwaruzo utaje kwa sauti. Ataona unamsumbua. Msumbue. Helmeti isiyobana kidevu ni kofia tu, dai nyingine, na ya abiria pia.

Mafuta jaza ukiwa mjini. Ukishatoka, sheli ni za kuhesabu, na mshale wa mafuta kwenye vespa za kukodi usiuamini hata kidogo. Vijijini utauziwa petroli ya chupa dukani, kwa bei ya juu, na utashukuru.

Kushuka, shukia kushoto. Bomba la moshi liko kulia, na ukishaendesha saa nzima linaunguza ngozi kwa kugusa tu. Mdogo wangu ana alama kwenye shavu la mguu hadi leo, na siku ile alikuwa amevaa kaptula kwa ajili ya picha.

Sasa la bahari, ambalo hakuna aliyeniambia.

Tulikwenda siku za mwezi mpevu kwa sababu rafiki alisema usiku wa pwani ya mashariki unapendeza. Unapendeza. Ila mwezi mpevu, kama mwezi mwandamo, ndio wakati wa bamvua: maji yanajaa kuliko siku nyingine na yanakupwa kuliko siku nyingine. Sisi wa Dar tunaishi na bahari hiyo hiyo na hatujui habari zake. Tulifika Jambiani saa 4 asubuhi, tukakuta bahari imekwenda zake hadi kule kwenye mwamba, mchanga mweupe umebaki mtupu, na mzee mmoja anapita juu yake na baiskeli, amefunga gunia nyuma, wala tairi halizami. Nikasema, kama baiskeli inapita, vespa itashindwaje?

Haikushindwa. Tukaenda nayo mbali, tukaisimamisha karibu na mashamba ya mwani, tukaanza kutembea. Akina mama walikuwa wameinama kwenye kamba zao wakifunga mwani. Tukawasalimia, wakatuonyesha namna ya kufunga, tukajisahau. Mmoja wao, mtu mzima, alianza kukusanya vitu vyake, akaniangalia, akauliza:

"Mwanangu, chombo chako kile, unakiacha hapo?"

"Tunarudi sasa hivi, bibi."

"Haya. Lakini maji yanajaa."

Nikatazama mbele, kwenye mwamba, sikuona kitu. Nilikuwa natazama upande usio. Pale maji hayaji kwa wimbi la kukutisha. Yanapenya kimya kwenye vijito vya chini, yanakupita, yanajaa nyuma yako, kati yako na nchi kavu, wewe bado umesimama pakavu unapiga picha. Tulipogeuka, vespa ilikuwa imezungukwa. Stendi ilikuwa imezama mchangani, na kabla hatujafika ikalala ubavu. Maji ya magotini hayaonekani mengi, ila ukiinua vespa ndani yake huku mchanga unakimbia chini ya miguu utajua uzito wake. Wavuvi wanne ndio waliotutoa, wakaibeba kama jeneza hadi kwenye minazi. Hawakutaka hela. Mmoja alicheka mpaka akakaa chini.

Hapo ndipo nilipofanya kosa la pili, ambalo lilinigharimu kuliko la kwanza. Nilipiga stata.

Usipige. Vespa iliyoingia maji usiiwashe hata kwa kujaribu, maana injini inayavuta maji ndani na kuyapeleka pasipofikika. Fundi wa kijijini alipofungua oili ilitoka rangi ya chai ya maziwa. Akatikisa kichwa, akaniambia ningemletea imezimwa angemwaga oili, angekausha plagi na kabureta, angesuuza chumvi kwa maji baridi, na huenda mambo yangeishia hapo. Chini ya kiti kulikuwa na pochi na simu ya mdogo wangu, kwenye maji ya chumvi. Dhamana sikurudishiwa, na juu yake nilidaiwa laki nne za injini. Nilibisha, kisha nikakumbuka kwamba aliyeiingiza vespa baharini ni mimi.

Kwa hiyo ukienda mashariki, kuanzia Matemwe hadi Makunduchi, muulize mtu yeyote wa pale maji yanajaa saa ngapi leo. Si jana, leo, kwa sababu kila siku saa inasogea mbele kwa dakika 50 hivi. Wanajua wote, hata watoto. Vespa iache barabarani, kwa miguu nenda utakako. Na bibi akikuambia maji yanajaa, usimjibu "sasa hivi".

Mengine ni ya kawaida. Ukikaribia msitu wa Jozani punguza mwendo; matuta yale yamewekwa kwa ajili ya kima punju, ambao kwa asili wako Unguja tu, na wanavuka bila kuangalia. Mchanga uliomwagika kwenye kona unateleza kuliko matope, kwa hiyo breki ya mbele usiibane ghafla. Masika, Machi hadi Mei, panda daladala. Saa 12 na nusu jioni giza limeanza, na gizani kuna ng'ombe, kuna magari ya punda yasiyo na taa, na watoto wanaotoka chuoni, yaani madrasa, basi saa 11 uwe umeshageuza. Mwezi wa Ramadhani nusu saa kabla ya magharibi kaa pembeni kabisa, watu wanakimbilia futari. Ukipita kijijini jifunge kanga au vaa shati, ufukweni utalivua. Maji ya kunywa beba. Viatu vya kufunika, si ndala. Namba ya fundi mmoja wa mjini na mmoja wa unakolala andika kwenye karatasi, si kwenye simu tu. Na vespa irudishe asubuhi kama boti yako ni ya jioni, kwa sababu wakati wa kuipokea mwenyewe ataikagua taratibu kuliko ulivyoikagua wewe.