Tengeneza dhahabu nyekundu, kisha itumie kunasa melamini

Ule mstari mwekundu kwenye kipimo cha haraka cha malaria mara nyingi ni dhahabu: chembe zenye kipenyo cha makumi machache ya nanomita (nanomita ni sehemu ya bilioni ya mita). Mwanga ukizipiga, elektroni zake hutikisika kwa pamoja na kumeza rangi ya kijani, karibu na nanomita 520, hivyo jicho linaona nyekundu. Chembe zikikaribiana, mitikisiko yao inaingiliana, mwanga unaomezwa unahamia nanomita 600 na zaidi, na maji yanayozibeba yanageuka bluu. Kwenye kipimo cha malaria chembe hunaswa na kingamwili na kubaki nyekundu. Sisi tutatumia yale mageuko ya rangi kutambua melamini, kemikali ya kutengenezea plastiki iliyowahi kutiwa kwenye maziwa, kwa hiyo tunachosoma hapa ni umbali kati ya chembe, basi.

1. Vyombo. Tumia flaski mpya, au ioshe kwa asidi hidrokloriki sehemu 3 na asidi nitriki sehemu 1, kisha isuuze sana kwa maji yaliyokenekwa. Mchanganyiko huo unatoa gesi ya sumu: fanyia ndani ya kabati la kuvuta hewa, na usiufungie chupani kamwe. Huna kabati? Nunua flaski.

2. Kupika. Chemsha mililita 20 za asidi ya kloroauriki, kemikali yenye dhahabu ndani yake, yenye ukolezi wa milimoli 1 kwa lita, sumaku ikikoroga. Poda yake ichote kwa kijiko cha plastiki, maana inakula chuma. Ikitokota vizuri, mimina kwa mkupuo mililita 2 za trisodiamu sitreti ya asilimia 1. Sasa usibanduke. Umanjano unatoweka, inakuja kijivu, halafu zambarau iliyokolea hadi kukaribia weusi, na ndani ya kama dakika 10 unapata wekundu wa juisi ya rozela. Wengi huzima jiko kwenye zambarau wakidhani imeharibika. Iache. Njia hii ni ya John Turkevich na wenzake, 1951, na kwa anayeanza sioni sababu ya kutafuta nyingine.

3. Kupima. Ikipoa, ongeza maji kidogo na uipitishe kwenye spektrofotomita, mashine inayopima mwanga unaomezwa, kuanzia nanomita 400 hadi 800. Unataka kilele kimoja chembamba karibu na 520. Ukiona mkia mnene baada ya 600, chembe zimeshikana, anza upya.

4. Chumvi na sukari. Weka mililita 1 ya dhahabu kwenye kila mrija kati ya miwili. Mmoja udondoshee maji ya chumvi, mwingine maji ya sukari. Sitreti imezivika chembe chaji hasi, ndiyo maana zinasukumana. Chumvi inaudhoofisha msukumano huo na rangi inageuka bluu. Sukari haina chaji, wekundu unabaki. Usiiruke hatua hii: imekuonyesha kwamba chumvi yoyote kwenye sampuli inaweza kujifanya melamini.

5. Melamini. Mwaka 2008 iligunduliwa kwenye maziwa ya watoto China. Ilitiwa kwa sababu ina naitrojeni nyingi, na vipimo vya kawaida vinaihesabu naitrojeni kama protini. Vikundi vyake vya amino, vile vyenye naitrojeni, hung'ang'ania dhahabu na kuzikusanya chembe. Andaa myeyusho wa melamini wa viwango kadhaa, pamoja na mrija wa maji matupu. Weka kiasi kilekile cha dhahabu, subiri muda uleule kwa kila mrija, kisha gawanya ufyonzaji (kiasi cha mwanga uliomezwa) wa nanomita 650 kwa ule wa 520. Chora grafu ya uwiano huo dhidi ya viwango vya melamini. Macho yanatosha kuonyesha wageni, hayatoshi kutoa jibu.

6. Maziwa yenyewe. Ukiyamimina moja kwa moja, protini zake zinazifunika chembe, chumvi na melamini zinashindwa kuzifikia, na maziwa yenye melamini yanaonekana salama. Gandisha protini kwanza kwa asidi ya trikloroasetiki, zungusha kwenye sentrifuji, chuja, rekebisha pH (kiwango cha uasidi), punguza kwa maji. Kisha chukua maziwa unayojua ni safi, yapitishe njia hiyohiyo, na uchore grafu yako upya kwa kuyatilia melamini ya viwango unavyovijua. Ile ya maji matupu haifai hapa.

Dhahabu iliyobaki ihifadhi kwenye friji, katika chupa ya kioo cheusi, isigande: ikiganda, chembe hushikana.