Kikiflipu: siri iko kwenye mguu wa mbele
Hii triki ya skeitibodi, unaruka na ubao unajizungusha mzima chini ya miguu, mskeita Rodney Mullen ndo aliibuni miaka ya 1980 na mpaka leo inatesa watu, kwa hiyo kama oli (kuruka na ubao bila kuushika kwa mikono) bado inakusumbua malizana nayo kwanza. Mguu wa nyuma kwenye mkia (ncha ya nyuma ya ubao), wa mbele nyuma kidogo ya bolti za mbele zinazoshika magurudumu, umekaa mshazari na kisigino kining'inie nje. Gonga mkia, ruka, halafu ule wa mbele uburuze hadi kona ya pua (ncha ya mbele) upande wa kisigino, hapo ndo unachapa kwa kifundo cha mguu kwenda nje, sio kukanyaga chini, wengi wanakosea hapo na ubao haupandi kabisa. Mabega yasigeuke. Ukiona gripu (ule msasa wa juu ya ubao) imerudi juu, tua kwenye bolti, kunja magoti. Na helmeti vaa jamani.