Somo: Taa za kujificha kwa sebule tulivu

Habari za leo wadau. Wengi mmeulizia namna ya kupata sebule yenye mwanga laini, ule unaoenea chumba kizima bila mgeni kujua unatoka wapi. Msingi wake ni huu: ukikaa kwenye sofa usiione balbu. Mwanga ugonge dari au ukuta kwanza, ndipo ukufikie wewe. Poul Henningsen wa Denmark alilihangaikia sana jambo hili, na taa yake ya PH 5 ya mwaka 1958 imepangwa sahani juu ya sahani ili aliyekaa mezani asipigwe na balbu machoni. Huku pwani, nyumba za mawe za Lamu zilifanya hivyo kwa jua: vyumba vya ndani vilipata mwanga wa kiwandani, yaani wa ua ulio katikati ya nyumba, uliokwisha kugonga kuta nyeupe za chokaa.

Nachukua mfano wa sebule ya mita 4 kwa 5 yenye dari la jipsamu, maana ndiyo wengi mnajenga.

Hatua ya 1: Jaribu kwa tochi ya simu
Usiku, kabla hujamwita fundi, zima taa zote. Elekeza tochi darini, halafu ukutani, halafu kwenye pazia, na kila mara angalia uso wa mtu aliyekaa. Utajua mwenyewe ni sehemu gani inarudisha mwanga vizuri. Kama ukuta au dari limepakwa rangi ya kung'aa, utaona doa kali linalokuangalia. Hapo panahitaji rangi isiyong'aa kwanza. Dari lako likiwa chini ya mita 2.6, achana na mfereji wa jipsamu (ile jipsamu ya pembeni inayoshushwa ili taa zijifiche ndani yake), utazidi kulishusha. Tumia ukuta: ndani ya boksi la pazia, nyuma ya kabati la TV, au juu ya kabati la vitabu.

Hatua ya 2: Mfereji
Hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibika. Mafundi wengi huacha uwazi wa sentimita 5 hadi 7 tu kati ya mdomo wa mfereji na dari la juu. Matokeo yake ni mstari mkali pembeni na giza katikati, hata ungenunua mkanda wa LED (utepe wenye vitaa vidogo vidogo) wa bei gani. Dai sentimita 15, na 20 kama urefu wa chumba unaruhusu. Mdomo wa mfereji uinuke kiasi cha kuuficha mkanda tu, sentimita 3 hadi 5. Ukizidi, unakata mwanga na kuchora kivuli darini.

Kabla ya skimu, yaani ule upakaji wa mwisho wa kulainisha jipsamu, mwambie fundi auwashe mkanda na kuushikilia mahali pake. Wewe kaa kwenye sofa, kisha simama mlangoni. Ukiona hata kitone kimoja cha LED, rekebisheni hapo hapo, wakati jipsamu bado inakatika kirahisi.

Hatua ya 3: Rangi ya mwanga
Soma boksi. Rangi ya mwanga hupimwa kwa Kelvini, na 2700 hadi 3000 ndiyo rangi ya utulivu. 6500 ni nyeupe ya kuelekea bluu. Dukani inavutia, nyumbani saa tatu usiku inachosha. Ukipata mkanda wenye CRI (kipimo cha jinsi mwanga unavyoonyesha rangi halisi) ya 90 au zaidi, chukua huo, ngozi za watu na chakula vitaonekana kwa rangi zake halisi. Nunua roli zote siku moja, za toleo moja, kwa sababu roli mbili zenye maandishi yale yale zinaweza kutofautiana rangi. Mikanda ya kubadilisha rangi, bluu na zambarau, mimi siishauri kabisa kwa sebule ya kupumzikia.

Hatua ya 4: Hesabu ya umeme
Jipsamu ya pembeni ikiwa na upana wa nusu mita, mzunguko wa ndani ni mita 14. Mkanda wa wati 9.6 kwa mita unakupa wati 134. Ongeza asilimia 20 ili adapta isifanye kazi kwa kukaza: 161, kwa hiyo chukua adapta ya wati 200. Chagua volti 24 badala ya 12, kwa kuwa ampea zinapungua nusu na mwanga haufifii haraka mwishoni. Ukiwasha kwa muda wa saa 5 kila usiku, unatumia kama yuniti 0.67 za LUKU.

Adapta iwekwe mahali mkono unapofika. Mara nyingi ndiyo hufa kwanza, na kuizika juu ya jipsamu ni kujiandalia kubomoa.

Hatua ya 5: Swichi
Tenga mfereji na taa nyingine, kila moja na swichi yake. Ukitaka kupunguza mwanga, hakikisha kipunguzio na adapta vinaelewana, vinginevyo taa zitachezacheza.

MASWALI YA WANACHAMA

*Mkuu, mimi nimepanga, mwenye nyumba hataki nitoboe chochote. Nifanyeje?*
Taa ya kusimama, iweke kwenye kona na uielekeze ukutani au darini. Ongeza mkanda wa kuchomeka nyuma ya kabati la TV. Siku ya kuhama unaondoka navyo.

*Nimeweka mkanda chini ya kitanda, lakini sakafu ya vigae inaonyesha vitone vyote.*
Kigae cha kung'aa ni kioo, ndugu yangu. Ugeuze mkanda utazame ukuta wa kichwani, na uuweke kwenye profaili ya alumini yenye kifuniko cha rangi ya maziwa.

*Nilifunga ile mikanda ya volti 220 inayokatwa kwa mita. Ina shida?*
Mingi inamulika na kuzima mara 100 kwa sekunde. Irekodi kwa kamera ya simu kwa mwendo wa polepole, utaona. Kama kichwa kinakuuma jioni, anza na hapo. Na usiiwashe kamwe ikiwa bado imeviringishwa, inapata moto.

*Mwanzo wa mkanda unawaka vizuri, mwisho umefifia.*
Volti zimepungua njiani. Peleka nyaya za adapta kwenye ncha zote mbili, au gawa mkanda vipande vifupi, kila kimoja na waya wake kutoka kwenye adapta.

*Kaka, mama yangu anasoma Kurani jioni na macho yake si mazuri. Mwanga huu utamtosha?*
Hautamtosha, dada. Macho ya mtu mzima yanahitaji mwanga mwingi zaidi. Mwekee taa ya kusomea yenye kofia, pembeni ya kiti chake, imulike ukurasa huku balbu ikiwa imejificha. Mfereji uache ukiwaka pia, asitoke kwenye ukurasa wenye mwanga akakutana na chumba chenye giza anapoinuka.