Namna ya Kuachana na Vidonge vya Kutuliza Wasiwasi bila Kujidhuru

Mtu aliyeandikiwa diazepam kwa wiki mbili baada ya msiba, akajikuta bado anaimeza miaka minne baadaye, si mhuni wala si teja, ingawa majirani wakigundua huenda wakampa jina hilo hilo. Dawa za jamii hii, zikiwemo lorazepam, alprazolam na klonazepam, huipa nguvu GABA, kemikali inayofanya kazi ya breki katika ubongo. Zikimezwa kila siku kwa zaidi ya wiki chache, ubongo hulegeza breki zake wenyewe, kwa kuwa umezoea kuwa kuna mwingine anayezikanyaga. Huo ndio utegemezi, na humpata hata mgonjwa ambaye hajawahi kuzidisha kidonge kimoja. Uraibu ni jambo la zaidi: kuzunguka famasi tatu kwa hila, kuongeza dozi kimyakimya, na kuendelea ilhali kazi na nyumba vinaharibika. Anayetoka katika hali yoyote kati ya hizo mbili huanzia mahali pamoja, na mahali hapo si chooni.

Nasema chooni kwa sababu ndugu wengi, kwa mapenzi kabisa, humwaga vidonge siku ile ile wanapovigundua, kisha wakamfungia mgonjwa chumbani wakitumaini kuwa atateseka siku tatu na kupona. Wanafuata wanayoyajua kuhusu arosto ya unga, yaani mateso ya mwili yanayompata mtumiaji wa heroini anapoikosa. Arosto ya heroini hutesa sana lakini kwa kawaida haiui yenyewe. Ya vidonge hivi inaweza kuleta degedege, kuchanganyikiwa na hata kifo. Kwa hiyo usiache ghafla, na usimwachishe mtu ghafla. Septemba 2020 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliagiza hatari za utegemezi na za kuacha kwa pupa ziingizwe katika onyo zito kuliko yote linaloambatana na dawa hizi.

Diazepam ina mtego wake. Hukaa mwilini kwa siku nyingi, hivyo aliyeiacha ghafla anaweza kulala vizuri siku mbili tatu, akatangaza kwamba amepona, kisha katikati ya wiki jasho, mitetemo, moyo kwenda mbio na hofu isiyo na sababu vikamjia kwa pamoja. Sauti ya sufuria kugongana humuumiza kichwa, mwanga wa taa humchoma macho. Nyumbani kwetu hali hiyo husomwa haraka kuwa ni majini. Alprazolam na lorazepam hazisubiri. Dalili zake huanza ndani ya siku moja au mbili.

Hatua ya kwanza, basi, ni kwenda kwa daktari ukiwa bado unameza dawa kama kawaida, na kumwambia kiasi halisi, si kile kilichoandikwa kwenye cheti. Mtajie pia pombe, tramadol, mirungi na dawa nyingine zote, kwa maana vidonge hivi vikichanganywa na pombe au dawa za jamii ya afyuni vinaweza kuzima pumzi. Ndiyo sababu anayehudhuria kliniki ya methadoni, kama ile iliyofunguliwa Muhimbili mwaka 2011, asiwafiche wahudumu kuhusu Valium, ambalo ni jina la kibiashara la diazepam. Methadoni hutibu uraibu wa heroini, haitibu huu. Mwenye historia ya kifafa, mjamzito, na anayemeza dozi kubwa wasipunguze chochote bila usimamizi wa karibu, na pengine walazwe.

Kupunguza kwenyewe ni kazi ya subira na ya wembe. Kiwango kinachotumika sana ni asilimia 5 hadi 10 ya dozi ya wakati huo, kila baada ya wiki mbili hadi nne. Tuchukue anayemeza mg 10 za diazepam kwa siku, mwenye vidonge vya mg 5 na vya mg 2. Anaposhuka hadi mg 9 humeza kimoja cha tano na viwili vya mbili; akifika mg 8, humeza kimoja cha tano, kimoja cha mbili na nusu ya kingine. Hesabu hubadilika njiani: mg 1 ni sehemu ya kumi ukiwa kwenye 10, lakini ukifika 5 ni sehemu ya tano nzima, kwa hiyo hatua hupungua hadi nusu miligramu, yaani robo ya kidonge cha mg 2. Kata juu ya sahani nyeupe ili uone chenga zilizodondoka, na andika tarehe na dozi kwenye daftari. Wengi huharakisha mwishoni kwa kudhani kwamba robo si kitu, na hapo ndipo hukwama.

Anayetumia alprazolam anaweza kuhamishiwa diazepam kwanza, kwa kuwa hiyo hushuka taratibu katika damu. Hesabu ya kubadilisha aifanye daktari. Profesa Heather Ashton, aliyeendesha kliniki ya kuwaachisha watu dawa hizi Newcastle, Uingereza, kuanzia 1982 hadi 1994, alisisitiza kwamba mgonjwa ndiye mwenye kupanga mwendo. Dalili zikizidi, simama kwenye dozi uliyopo wiki mbili zaidi. Usirudi juu kila usiku mbaya unapokuja, maana usiku mbaya utakuja.

Wakati huo wasiwasi uliokupeleka kwa daktari mwanzoni nao utibiwe, kwa tiba ya mazungumzo kila inapopatikana. Acha pombe kabisa, na chai ya rangi ya saa mbili usiku iwe ya asubuhi. Ndugu anayetaka kusaidia atunze vidonge na kuvitoa kwa siku, bila mahubiri.

Degedege, kuona visivyoonekana, kuchanganyikiwa au mawazo ya kujiua havisubiri miadi. Mpeleke mgonjwa hospitali usiku huo huo, pamoja na pakiti ya dawa.

Namjua mama mmoja aliyemaliza safari hii kwa miezi kumi na minne, na bado alikuwa amefunga vidonge sita kwenye pindo la kanga, "vya dharura". Mwili uliokwisha kuachana na dawa hauihimili tena dozi ya zamani. Alivirudisha famasi, na mfamasia akavihesabu mbele yake.