Seva ya muziki nyumbani badala ya kulipia Roon kila mwezi

Roon ni programu ya kusikilizia muziki, lakini haiuzi wimbo hata mmoja. Inapanga mafaili uliyonayo, inayaongezea picha na wasifu wa wasanii, kisha inayapeleka kwenye spika za kila chumba. Ukitaka huduma za muziki wa mtandaoni kama Tidal au Qobuz ndani yake, unalipia pembeni. Kwa kazi hiyo inatoza karibu dola 15 kwa mwezi. Programu ya bure iitwayo Lyrion Music Server inafanya sehemu kubwa ya hayo, na faili la FLAC (muziki uliobanwa bila kupoteza ubora) likipita humo linatoka vilevile lilivyoingia. Wakongwe wanaijua kama Logitech Media Server (LMS). Jina lilibadilishwa mwaka 2024. Utakachokosa ni wasifu uliopambwa vizuri na mapendekezo ya nini usikilize baadaye.

Halafu kuna bando. Muziki wa mtandaoni wa kbps 320 unakula MB 144 kwa saa. Saa nne kila siku ni kama GB 17 kwa mwezi. Ukipanda hadi ubora wa CD, unakaribia GB 50. Muziki unaotoka kwenye diski yako kupitia ruta ya nyumbani hauli bando hata kidogo, hata kama laini ya ndani ya ruta haina salio.

Kabla hujanunua chochote, jiulize kama unahitaji seva, yaani kompyuta inayokaa na muziki wako na kuugawa vyumbani. Kama una chumba kimoja na nyimbo mia mbili tatu, chomeka flashi kwenye sabufa, yatosha. Iwe imefomatiwa FAT32, maana sabufa nyingi hazisomi NTFS wala exFAT, na nyimbo ziwe MP3 kwa kuwa sabufa nyingi zinakataa FLAC. Seva inaanza kuwa na maana pale albamu zinapofika mamia, au watoto wanapotaka chao chumbani na wewe chako sebuleni.

Vifaa: kompyuta ndogo ya Raspberry Pi 3B+ au 4, kadi ya memori ya GB 8, diski ya nje, DAC ndogo ya USB (kifaa cha kugeuza data kuwa sauti) na waya wa RCA wa kwenda kwenye AUX ya sabufa. Usitegemee tundu la hedifoni la Pi. Sauti yake ina mchakacho wa chinichini, na Pi 5 haina tundu hilo kabisa. Ukikosa Pi, laptopu ya mtumba yenye RAM GB 4 inafanya kazi ileile, na betri yake kama bado nzima inakuvusha umeme ukikatika. Diski chagua SSD. Ya kuzunguka inavuta umeme mwingi inapoanza, na milango yote ya USB ya Pi 4 kwa pamoja inatoa ampea 1.2 tu.

Kwenye laptopu unasakinisha Lyrion kama programu nyingine yoyote. Kwenye Pi, pakua piCorePlayer, mfumo mdogo wa kuendesha Pi kwa ajili ya muziki, na uiandike kwenye kadi kwa Raspberry Pi Imager. Mara ya kwanza unganisha Pi na ruta kwa waya, usianze kuhangaika na Wi-Fi. Ingia kwenye ukurasa wa ruta, tafuta anwani ya Pi kwenye orodha ya vifaa, uiandike kwenye kivinjari. Kitu cha kwanza kabisa ni kubonyeza Resize FS: mfumo unakuja na nafasi finyu sana kwenye kadi, na ukiruka hatua hii usakinishaji wa Lyrion utakwama. Kisha fungua ukurasa wa LMS, sakinisha, na uunganishe diski hapohapo. Diski ya NTFS au exFAT haitafunguka mpaka uongeze mifumo ya ziada ya mafaili kwenye ukurasa huohuo. Nenda Squeezelite Settings, chagua USB kama njia ya sauti, hifadhi, washa upya. Mwisho fungua anwani ileile ukiongeza :9000, onyesha folda ya muziki, acha ichambue.

Matatizo mengi yatakuja kupitia umeme. Pi 4 inataka volti 5 na ampea 3 kamili. Chaja ya simu yenye waya mwembamba inashusha volti njiani: taa nyekundu inazimazima, diski inapotea kwenye orodha, muziki unakatika katikati ya wimbo, nawe unalaumu Wi-Fi. Umeme ukikatika ghafla, piCorePlayer yenyewe haiumii kirahisi kwa sababu inaendeshwa kwenye RAM, lakini diski inaweza kuumia. Weka UPS ndogo (betri ya akiba), ila soma kwanza tundu lake la volti 5 linatoa ampea ngapi. Mengi yanaishia 2.

Sabufa ikinguruma, chomoa chaja ya laptopu. Mngurumo ukikoma, tatizo ni njia mbili za ethi. Chomeka vyote kwenye ekstensheni moja. Isiposaidia, weka kitenganishi cha ethi kwenye waya wa RCA. Usikate pini ya ethi ya plagi, hata fundi akikwambia ndiyo dawa.

Vumbi la kiangazi cha Dodoma linashawishi mtu afungie Pi ndani ya kabati. Huko joto likifika nyuzi 80 inajipunguza kasi. Iweke wazi, juu, na kipande cha chuma cha kupooza, uipulize vumbi mara moja moja.

Kuhusu muziki wenyewe: CD zihamishe kwa programu ya Exact Audio Copy kwenda FLAC, ukitumia Test & Copy inayosoma kila wimbo mara mbili na kulinganisha, kwa sababu CD nyingi za hapa nyumbani hazimo kwenye hifadhidata yake ya kulinganisha. Nyimbo ulizochomewa kwenye flashi kwa kbps 128 ziache MP3. Kuzigeuza FLAC kunajaza diski tu.

Kazi ndefu ni lebo, yaani majina ya msanii na albamu yaliyoandikwa ndani ya kila faili. Faili moja likisema Hukwe Zawose, jingine Dr. Hukwe Zawose, na jingine Hukwe Zawose na Charles Zawose, Lyrion itakuonyesha wasanii watatu. Tumia programu ya Mp3tag: kwenye Album Artist andika jina moja kila mahali, kwenye Artist acha jina lililo kwenye jalada. Ni muhimu zaidi kwa bendi kama Msondo, iliyopita NUTA, JUWATA na OTTU. Albamu za mchanganyiko andika Various Artists, la sivyo diski moja ya nyimbo 15 inaweza kusambaratika kuwa albamu nyingi. Ukimaliza, iambie Lyrion ichambue upya maktaba yote, si mafaili mapya pekee, vinginevyo majina ya zamani yanaweza kubaki.