Namna ya Kufundisha Mafumbo ya Duara Yanayohusu Bei, Vifaa na Vibarua

Mwanafunzi wa darasa la saba anaweza kujua kwa moyo kwamba mzingo wa duara ni 2πr na kwamba eneo lake ni πr², kisha akakwama mara tu anapoulizwa gharama ya kuzungushia bustani seng'enge, kwa sababu fumbo la namna hiyo halimwambii atumie kanuni ipi. Uamuzi huo ndio kiini cha somo hili. Mwalimu anayeanza kwa kurudia kanuni anamaliza kipindi kwenye jambo ambalo wanafunzi wengi wanalijua tayari, na kwa hiyo napendekeza somo lianzie kwenye bei.

Andika ubaoni bei tupu, bila swali: seng'enge shilingi 2,500 kwa mita, kupanda nyasi shilingi 4,000 kwa mita ya mraba, lesi ya kitambaa cha meza shilingi 800 kwa mita, vitofali vya pevingi shilingi 20,000 kwa mita ya mraba. Kwa kila bei, waulize wanafunzi kama kinacholipiwa kinapita pembezoni mwa duara au kinafunika sehemu ya ndani. Wakishajibu zote, waonyeshe kwamba kipimo kilichoandikwa kwenye bei kilikwisha kutoa jibu, kwani bei ya mita huzidishwa na mzingo, na bei ya mita ya mraba huzidishwa na eneo. Usiruhusu hesabu yoyote ifanyike kabla ya hatua hii kueleweka. Baadaye, mwanafunzi akizidisha mzingo wa mita 44 kwa shilingi 4,000 za nyasi, huna haja ya kumwambia amekosea. Mwulize tu mita za mraba ziko wapi katika kazi yake.

Kisha litoe darasa nje. Pigilia kijiti ardhini, funga kamba ya mita 7, na mwanafunzi mmoja azunguke akichora mstari kwa ncha ya kijiti kingine. Kamba lazima ibaki imekazwa muda wote, kwa maana ikilegea, duara linakuwa kama yai. Wapime mstari huo kwa futikamba, nao watapata karibu mita 44, ambayo ndiyo 22/7 × 14. Eneo la ndani, 22/7 × 7 × 7, ni mita za mraba 154. Hapo ndipo makosa ya kuchanganya kipenyo na nusukipenyo yanapoonekana kwa macho, kwa kuwa mwanafunzi amesimama kwenye kitovu na anaona kamba inaanzia wapi na kuishia wapi.

Duara hilo moja linatosha kwa mafumbo mengi, na ni afadhali kulitumia hilohilo kuliko kubadilisha vipimo kila mara. Seng'enge ya mistari mitatu inahitaji mita 132, yaani shilingi 330,000 kwa bei ya mita. Lakini dukani waya mara nyingi huuzwa kwa roli. Tuseme roli moja lina mita 50 na linauzwa shilingi 120,000: 132 ikigawanywa kwa 50 ni 2.64, na kwa kuwa hakuna anayeuziwa sehemu ya roli, mnunuzi atalipia roli tatu, shilingi 360,000, na kubakiwa na mita 18. Wanafunzi waliozoea kukadiria namba kwa kanuni ya nusu wanapaswa kuona hapa kwamba hata jibu la 2.1 lingelazimu roli tatu. Nguzo nazo zina jambo lake. Zikisimamishwa kila baada ya mita 2, zitahitajika 22, wala si 23 kama ingekuwa kwenye uzio ulionyooka wa mita 44, kwa sababu kwenye duara nafasi ya mwisho inaishia kwenye nguzo ya kwanza.

Mafumbo ya kasi ya kazi yana hatua mbili, na yafundishwe kwa hatua mbili. Ikiwa kibarua mmoja anapanda nyasi mita za mraba 22 kwa siku na analipwa shilingi 15,000 kwa siku, mwanafunzi atafute kwanza siku, 154 ÷ 22 = 7, ndipo atafute malipo, shilingi 105,000. Kila mstari wa kazi yake uandikwe pamoja na kipimo chake. Mwanafunzi anayeandika namba tupu hawezi kujikagua.

Fumbo linalowasumbua wengi zaidi ni la njia inayozunguka bustani. Njia ikiwa na upana wa mita 3.5, wengi huchukua 3.5 kama nusukipenyo na kupata mita za mraba 38.5. Chora njia hiyo palepale uwanjani, na wataona kwamba duara la nje lina nusukipenyo cha mita 10.5 na eneo la mita za mraba 346.5, ukitoa 154, njia ni mita za mraba 192.5, na pevingi yake ni shilingi 3,850,000. Aliyekosea angepeleka shilingi 770,000 tu.

Kuhusu 22/7, inafaa vipimo vinavyogawanyika kwa 7, na inazidi thamani halisi ya pai kidogo sana: kwa bustani hii mzingo unaongezeka kwa chini ya sentimita 2.

Wakishaimudu bustani, geuza swali na utoe fedha kwanza. Shilingi 165,000 zinanunua mita 66 za seng'enge, hivyo mstari mmoja unaweza kuzungushia duara lenye nusukipenyo cha mita 10.5. Shilingi 154,000 zinapanda nyasi mita za mraba 38.5, na hapa mwanafunzi anapaswa kugawanya kwa 22/7 apate 12.25, kisha atafute kipeuo cha pili, mita 3.5. Atakayegawanya 12.25 kwa 2 badala ya kutafuta kipeuo, mrudishe kwenye maana ya r².