Pedi ya gemu inakatakata kwenye kompyuta ya mezani? Hamisha kidude cha Bluetooth

Kama pedi yako isiyo na waya inaunganika vizuri halafu inakatika katikati ya mechi, usikimbilie kununua nyingine. Angalia kwanza kile kidude cha Bluetooth kimechomekwa wapi. Wengi hukichomeka nyuma ya kompyuta, na hapo ndipo pabaya: kasha la chuma linaziba mawimbi, na jirani yake kuna matundu ya USB 3.0, mara nyingi ya bluu, yanayotoa kelele kwenye masafa yaleyale ya gigahezi 2.4 ambayo Bluetooth inatumia. Ukiwa unanakili mafaili kwenye diski ya nje ndiyo balaa zaidi. Tafuta ekstensheni ya USB 2.0, hata ya mita moja, ukilete kidude juu ya meza kielekeane na pedi. Ni waya wa bei ndogo, na kwa kweli unasaidia sana.

Kama Bluetooth imo ndani ya kompyuta, hakikisha antena zake zimefungwa kule nyuma. Watu huziacha kwenye boksi wakidhani ni za Wi-Fi tu.

Pedi ya PS4 ikigoma kabisa kuonekana, ifute kwenye orodha ya vifaa, kisha bonyeza Share na PS kwa pamoja, usiachie mpaka taa imweke harakaharaka.